Mhuri Usomwe Mwisho: Kuchunguza Fedha ya Kale ya Ibada ya Kiyahudi

Mtu anayeanza kuchunguza vyombo vya kale vya fedha vya ibada ya Kiyahudi, jambo la kwanza hukipindua chombo kutafuta mhuri. Muuzaji mjanja analijua hilo, na ndipo anapomngojea. Mhuri ni sehemu ndogo kuliko zote na ni rahisi kuliko zote kughushi: fundi mwenye nyundo na chapa ya chuma aliyoichonga mwenyewe anaugonga kwa sekunde moja. Kinachomshinda ni matumizi. Hajui gombo la Torati huvikwaje, hajui mkufu unasugua wapi, hajui nani anastahili kuwekewa alama ipi. Ndiyo maana waliozoea kazi hii huenda kinyumenyume: kwanza kazi ya chombo, halafu mchakao wake, halafu herufi za Kiebrania, na mhuri mwisho.

Gombo la Torati ni ngozi iliyoandikwa kwa mkono na kuviringwa kwenye mihimili miwili ya mbao. Wayahudi wengi wa Ulaya hulivisha joho la mahameli. Juu ya vichwa vya mihimili huwekwa taji moja, au jozi ya mapambo yaitwayo rimonim, yaani makomamanga. Mbele hutundikwa ngao kwa mkufu, na kando huning'inia yad, ufito wenye mkono mdogo ambao msomaji hufuatia mistari ili kidole chake kisiguse ngozi. Wayahudi wa Iraq na Uajemi wao huliweka gombo ndani ya kasha gumu la mbao lililovikwa mabati ya fedha, likasimama wima wakati wa kusomwa. Nyumbani kuna vikombe vya divai ya Sabato, vinara, minara ya manukato, taa za Hanuka, sikukuu ya siku nane, na makasha ya etrogi, lile tunda la jamii ya limau la Sikukuu ya Vibanda. Kuvipamba vyombo hivi si anasa tu. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, katika sehemu ya Shabbat 133b, inaufafanua mstari wa Kutoka 15:2 kuwa ni agizo la kutimiza amri kwa vitu vizuri: kibanda kizuri, gombo zuri, wino mzuri.

Sasa, nani alivitengeneza? Mgeni wa fani hii hushangaa akikuta ngao ya Torati ina jina la fundi Mkristo. Asishangae. Katika miji mingi ya Ujerumani vyama vya mafundi havikumpokea Myahudi, na bila chama hakuna ruhusa ya kufua fedha. Augsburg iliwafukuza Wayahudi mwishoni mwa miaka ya 1430, Nuremberg ikafuata mwaka 1499, lakini karne zilizofuata miji hiyo miwili ilitoa vikombe na ngao nyingi vilivyonunuliwa na Wayahudi wa kwingine. Frankfurt Wayahudi walikuwa na mtaa wao, Judengasse, tangu 1462, na mafundi Wakristo wa mji huo, kama Jeremias Zobel na kina Schüler, walijipatia wateja humo. London na New York mambo yalikuwa mengine: Abraham Lopes de Oliveyra alifua rimonim London katika karne ya 18, na Myer Myers akafanya hivyo New York, wote wawili Wayahudi. Polandi, Galicia (eneo lililo leo kati ya Polandi na Ukraine) na Urusi mafundi wa Kiyahudi walikuwa wengi.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa sura ya vyombo vyenyewe. Fundi wa Augsburg hakuwa na kielelezo cha "Kiyahudi" karakanani. Alichukua bilauri aliyokuwa akimuuzia kila mtu, au umbo la mnara alilolijua kutoka mji wake, akaongeza maandishi aliyoletewa kwenye karatasi. Kwa hiyo kikombe cha kawaida chenye maandishi ya Kiebrania kinaweza kuwa halali kabisa, na pia kinaweza kuwa kikombe cha kawaida kilichoandikwa juzi. Tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Ngao ndiyo yenye mapambo mengi zaidi, na ndiyo inayofundisha zaidi. Muundo uliozoeleka wa Ulaya ya Kati ni huu: nguzo mbili pembeni, mara nyingi zilizosokotwa, zinazokumbusha Yakini na Boazi za hekalu la Sulemani, simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma, taji juu yao, mbao mbili za amri au mlango mdogo wa sanduku takatifu katikati, na chini yake kisanduku chenye dirisha. Katika nchi za ukoo wa kifalme wa Habsburg huongezeka tai mwenye vichwa viwili, ishara ya utii kwa kaisari. Taji ni la Torati, na baadhi ya ngao zina mataji matatu kwa sababu maandiko ya marabi, Avot 4, yanataja taji la Torati, la ukuhani na la ufalme. Mbao za amri zina mtego wake. Kiebrania husomwa kutoka kulia, hivyo amri ya kwanza hadi ya tano ziko ubao wa kulia wa mtazamaji. Ukiziona kushoto, aliyechora alikuwa akifikiri kwa herufi za Kilatini.

Kisanduku kile chenye dirisha hakikuwekwa kwa urembo. Sinagogi yenye magombo kadhaa huandaa mapema kila moja mahali pa kusomwa, na kibati ndani ya kisanduku hueleza gombo lipi ni la Sabato, lipi la Pasaka, lipi la mwandamo wa mwezi. Vibati huandikwa pande zote mbili ili vichache vitoshe sikukuu zote. Vitoe. Vibati vya kweli vina kingo zilizolika kwa kuvutwa, na ndani ya reli kuna mikwaruzo ya mlalo iliyong'aa kati ya weusi. Kama vibati ni vipya na reli ni ya zamani, mtu alipoteza akaagiza vingine, na hilo ni la kawaida. Kama reli haina mkwaruzo hata mmoja ilhali uso wa ngao umechakaa kama wa miaka 200, mchakao wa uso umetengenezwa. Kisanduku kisichofunguka kabisa si ushahidi wa uongo, kwa sababu karne ya 19 ilipoelekea ukingoni viwanda vilitoa ngao za bei nafuu zenye kisanduku cha sura tu.

Igeuze ngao sasa, si kwa ajili ya mhuri, bali kutazama mgongo. Bati lililofuliwa kwa mkono hulazwa juu ya lami na kusukumwa kutoka nyuma, kisha hugeuzwa na kumaliziwa mbele. Mgongoni utaona mashimo ya simba na majani kwa kinyume, yenye alama za nyundo zisizolingana. Bati lililogandamizwa na mashine lina mgongo laini wenye kina kilekile kila mahali, na simba wa kulia ni nakala kamili ya wa kushoto. Iliyomiminwa kwenye kalibu ni nzito, mgongo wake una vipele vidogo na vitundu vya hewa. Halafu tazama pete mbili za juu zinazoshika mkufu. Ngao huning'inia, hivyo uzito wote uko kwenye ukingo wa juu wa tundu la pete. Hapo ndipo fedha hulika hadi kubaki uzi. Tundu lililolika pande zote sawasawa limepanuliwa kwa tupa.

Rimonim zina kanuni zake. Kutoka 28:33-34 panaeleza vazi la Haruni lenye komamanga na njuga kwenye pindo, na mafundi wamelitafsiri agizo hilo kwa namna nyingi, kuanzia tunda halisi hadi mnara wa ghorofa tatu wenye njuga kila dirisha. Mnara haukuja jana: jozi ya zamani zaidi inayojulikana, ya karne ya 15 kutoka Cammarata huko Sicilia, ina umbo la mnara na imehifadhiwa katika hazina ya kanisa kuu la Palma de Mallorca. Kwa jozi, swali la kwanza ni kama kweli ni jozi. Pima urefu, uzani na kipenyo cha shina lililo wazi chini, linaloingia kwenye mhimili. Kazi ya mkono haitoi uzani sawa kabisa. Tofauti ya gramu kadhaa ni dalili njema. Kinachotisha ni kufanana kupita kiasi. Chukua lenzi, utafute mkwaruzo au kidoti kisicho cha kawaida kwenye rimon moja, kisha angalia mahali palepale kwenye ya pili. Kidoti kilekile mahali palepale maana yake zote mbili zimemiminwa kutoka kalibu moja, pamoja na mihuri yake.

Njuga hesabu zote, pamoja na vitundu visivyo na kitu. Njuga za kale zimeungwa kwa nusu mbili, na mstari wa lehemu unaonekana kiunoni. Karibu kila jozi iliyotumika imepoteza kadhaa na kuwekewa nyingine, kwa hiyo mchanganyiko wa njuga za aina mbili tatu hunitia imani kuliko njuga 24 zinazolingana kwenye chombo kinachodaiwa kuwa cha 1740. Thamani ya jozi halisi inaweza kuwa kubwa ajabu. Mwaka 2012 Museum of Fine Arts ya Boston ilitaka kununua kwa dola milioni 7.4 rimonim za Myer Myers zilizokuwa kwenye sinagogi la Touro huko Newport. Biashara ilikwama kwa kesi ya umiliki, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaamua kuwa ni mali ya kusanyiko la Shearith Israel la New York.

Yad ni ndogo, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30 hivi, na ndiyo inayoghushiwa kwa urahisi zaidi: mtu huchukua mpini wa kisu au uma, huulehemu na mkono mdogo wa kumiminwa. Tafuta kiungo pale kiganja kinapokutana na ufito. Katika kazi ya asili pana pete au fundo la nakshi linaloficha kiungo, na nakshi hiyo inafanana na ile ya mwisho wa juu wenye tundu la mkufu. Kwenye ya kuunga, mtindo unabadilika ghafla. Kisha angalia mahali pa kushika. Vidole vya wasomaji huzilainisha nakshi za theluthi ya juu, huku zile za karibu na kiganja zikibaki kali. Yad iliyochakaa sawasawa kuanzia juu hadi chini imesuguliwa kwenye mashine, na weusi wake wa kupendeza umetoka kwenye chupa ya salfa.

Vikombe vya Sabato ndivyo vingi zaidi sokoni. Kabla ya yote, mimina maji hadi ukingoni, kisha pima. Kikombe cha baraka kinapaswa kubeba kiasi kiitwacho reviit. Marabi wanatofautiana, lakini hesabu ndogo inayofuatwa na wengi ni mililita 86 na kubwa ni kama 150. Vibilauri vidogo vya Urusi vyenye alama ya 84, kiwango cha fedha cha Kirusi, vingi vikiwa vya pombe kali tu, huuzwa kila siku kama vikombe vya kidushi, yaani baraka ya divai. Zipo familia zilizovitumia kweli kwa baraka, hivyo udogo si hukumu, ila bei isiwe ya kikombe cha ibada kama hakuna kingine kinachothibitisha.

Maandishi kwenye kikombe yanachunguzwa kwa lenzi ya mara 10 na taa inayopiga kutoka ubavuni. Fedha iliyosafishwa kwa vizazi ina mtandao wa mikwaruzo myembamba kila upande. Fuata mkwaruzo mmoja hadi unapofika kwenye herufi. Ukipita juu ya kingo za herufi na kuzifanya butu, herufi ilikuwapo kabla ya mkwaruzo. Ukikatika ghafla ukingoni na kuendelea ng'ambo, herufi imechongwa juu ya mikwaruzo ya zamani, yaani imekuja baadaye. Mchongo mpya pia huacha kiukuta chembamba cha fedha kilichosukumwa pembeni, kinachokwaruza ukipitisha kucha. Kuna jambo la kufutwa vilevile. Nembo ya familia ya kikabaila ikisagwa ili kupisha Kiebrania, ukuta hupungua. Pumulia hapo kama unavyopumulia miwani: ukungu hukauka kwa kufuata umbo la nembo iliyokuwapo, na ukibonyeza kwa dole gumba utasikia bati likilegea.

Mnara wa manukato hutumika jioni ya Sabato inapokwisha, katika ibada ya havdala, watu wanaponusa viungo. Karafuu ni miongoni mwa viungo vinavyotiwa sana humo, na karne ya 19 Zanzibar ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo, kwa hiyo si ajabu kwamba mnara wa fedha kutoka Galicia ukifunguliwa leo unanukia pwani yetu. Mnara wa kawaida una kitako, shina lenye fundo, chumba chenye mlango mdogo wa bawaba, paa la ncha, na bendera juu kabisa. Vipande hivyo hushikwa na ufito mmoja wa katikati wenye nati chini. Fungua nati polepole, kwa mkono, na uweke alama ya penseli kwenye karatasi kuonyesha kila kipande kilivyoelekea. Hesi za kale zimekatwa kwa mkono: hazilingani, na nati yake haiingii kwenye ufito mwingine wowote. Ukikuta hesi safi za mashine, ama mnara ni mpya ama ufito umebadilishwa. Bendera ndiyo inayopotea kwanza, ikifuatiwa na mlango. Kitako nacho hubadilishwa mara nyingi. Kitako kilichotokana na kinara kina tundu la katikati kubwa kuliko ufito, nalo hufichwa na kidude cha bati.

Kwa kazi ya nyuzi za fedha zilizosokotwa, filigri, chunguza makutano ya nyuzi. Fundi wa zamani alinyunyiza unga wa lehemu na kupuliza moto. Nyuzi zimeshikana kwa ncha tu na pembeni bado unaona msokoto. Filigri ya kumiminwa haina msokoto, ni mistari minene iliyozibana pembe. Taa za Hanuka za nyuzi zinazoitwa kwa jina la rabi Baal Shem Tov, za Ukraine na Galicia, zimeigwa hivyo mno. Kwa taa yoyote ya Hanuka hesabu vikombe: vinane kwenye kimo kimoja, na cha tisa, mtumishi, kimetengwa juu au kando. Kinara cha matawi saba si cha Hanuka, hata kiwe na simba kumi.

Mafundi wa Yemen wanastahili sentensi zao. Huko karibu kazi yote ya fedha ilikuwa mikononi mwa Wayahudi, ambao waliyeyusha riale za Maria Theresa, zilezile zilizotumika Zanzibar na Lamu: gramu 28.07, fedha 833 kwa elfu. Wengi wa Wayahudi wa Yemen, watu 49,000 hivi, waliondoka kwenda Israeli mwaka 1949 na 1950. Wengine walikuwa wametangulia na kufua nyuzi katika shule ya Bezalel, iliyoanzishwa Jerusalem na Boris Schatz mwaka 1906, ndiyo maana vyombo vya Bezalel vina mkono wa mafundi wa Sana'a, mji wa Yemen, juu ya michoro ya Ulaya.

Twende kwenye herufi. Mwaka wa Kiebrania huandikwa kwa herufi zenye thamani za hesabu, elfu tano zikiachwa. Jumlisha herufi, ongeza 1240, upate mwaka wa kawaida. Ukiona תקסה, ת ni 400, ק ni 100, ס ni 60, ה ni 5: jumla 565, pamoja na 1240 ni 1805. Kwa kuwa mwaka wa Kiebrania huanza Septemba au Oktoba, kipande chake cha mwanzo huangukia 1804. Mara nyingine mwaka umefichwa ndani ya aya ya maandiko, na herufi za kujumlishwa zimewekewa nukta au zimechongwa kubwa kidogo. Usijumlishe zisizo na alama. Tarehe ya wakfu ikiwa ya baadaye kuliko chombo, hakuna tatizo, maana ngao ya 1760 inaweza kutolewa wakfu 1860. Tarehe ikitangulia mtindo na mhuri, kuwa mwangalifu, lakini usikimbilie kukataa: sinagogi zilizoibiwa ziliagiza ngao mpya na kunakili maandishi ya ile ya zamani.

Makosa ya herufi yanahitaji akili. Fundi Mkristo aliyenakili kutoka karatasi alichanganya ד na ר, ה na ח, ב na כ, kwa sababu zinafanana machoni. Makosa hayo, yakiwa kwenye herufi zilizochongwa kwa mkono wa ustadi, ni ya kale na hayapunguzi kitu. Makosa ya mghushi wa leo ni ya aina nyingine: herufi zenye sura ya kompyuta, herufi zilizogeuzwa kama kwenye kioo, au baraka isiyohusiana na chombo, kama baraka ya mishumaa kwenye kasha la etrogi. Angalia pia majina. Mikono miwili iliyonyooshwa ni alama ya kuhani, na jina lake mara nyingi hufuatwa na Katz. Gudulia na beseni ni alama ya Mlawi, mara nyingi Segal. Mikono ya kuhani juu ya jina la Segal haipatani. Nyota ya Daudi nayo izingatiwe: Prague waliitumia zamani, lakini kuenea kwake kama nembo ya Wayahudi wote ni jambo la karne ya 19. Nyota kubwa katikati ya ngao ya "Augsburg 1700" inanitia shaka kuliko mhuri uliofifia.

Mhuri sasa. Mhuri uliogongwa husukuma fedha pembeni, na upande wa pili wa bati huwa na kivimbe. Uliomiminwa una kingo za mviringo na chembechembe ndani. Augsburg ni koni ya msonobari, na tangu 1735 ina herufi ya mwaka chini yake. Urusi ni 84, yaani sehemu 84 kwa 96, sawa na 875 kwa elfu. Kabla ya 1899 kuna nembo ya mji na herufi za mkaguzi pamoja na mwaka. 1899 hadi 1908 ni kichwa cha mwanamke anayetazama kushoto. Kuanzia 1908 anatazama kulia na kuna herufi ya Kigiriki ya wilaya. Kichwa cha kushoto pamoja na herufi ya Kigiriki hakijawahi kuwapo. Ujerumani tangu 1888 hutumia mwezi mwandamo, taji na 800. Austria kuanzia 1867 hadi 1922 ni kichwa cha Diana. Namba 925 kwenye ngao ya Kijerumani ya karne ya 18 ni kichekesho, kwa kuwa mafundi hao walihesabu kwa lothi, 16 zikiwa fedha safi, na 13 ni 812.5. Mtego mbaya zaidi ni Hanau, ambako mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 viwanda viligonga mihuri ya kubuni inayoiga ya miji ya kale. Vyombo ni vya fedha kweli na kazi ni nzuri, ila umri umeongezwa miaka 200. Vinara vyenye jina Fraget au Norblin na neno GALW ni vya Warszawa na vimechovywa tu. Usivilipie kwa gramu.

Ukibaki na shaka, maabara yenye mashine ya eksirei ya kusoma madini hujibu kwa dakika chache bila kukwaruza. Zebaki kwenye dhahabu ya juu inaonyesha upakaji wa moto wa kizamani. Isipokuwapo, huenda dhahabu ilichovywa kwa umeme, teknolojia iliyoenea baada ya 1840. Fedha ya kale pia hubaki na chembe za dhahabu, risasi na bismathi ambazo usafishaji wa umeme huziondoa karibu zote.

Kosa linaloua vyombo vingi ni matengenezo ya risasi. Kiungo cha kijivu kisichong'aa kilichovimba ni lehemu ya risasi na bati, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183. Sonara akikipasha moto chombo hicho kwa lehemu ya fedha, ambayo inahitaji nyuzi 650 na kuendelea, risasi huingia ndani ya fedha na kuitoboa mbele ya macho yake. Risasi yote ikwanguliwe kwanza, au kiungo kiachwe kama kilivyo. Vinara vyenye kitako kilichojazwa lami au plasta visitumbukizwe majini kabisa.

Usafi usizidi. Unga laini wa chokaa, kabonati ya kalisi, uchanganywe na maji yaliyochujwa hadi uwe uji mwepesi, upakwe kwa pamba bila kukandamiza, kisha usuuzwe na chombo kikaushwe palepale. Dhahabu ya juu isisuguliwe. Dawa za kuchovya huondoa weusi wa mabondeni, na nakshi hupoteza kina. Dawa ya meno hukwaruza. Karatasi ya alumini na magadi hufanya yote mawili ya dawa za kuchovya, tena huacha rangi ya maziwa. Vaa glavu za nitrili. Hifadhi mbali na sufu, mpira na magazeti, vyote hutoa salfa. Ukiwa Mombasa, Tanga au Muscat, chumvi ya hewa ya bahari huongeza madoa, kwa hiyo kabati lenye mfuko wa vikausha-unyevu ni lazima.

Mwisho ni umiliki. Amri ya Februari 1939 iliwalazimisha Wayahudi wa Ujerumani kusalimisha dhahabu na fedha zao, wakiachiwa vichache tu, kama pete ya ndoa. Masinagogi yaliporwa kuanzia Novemba 1938. Ngao iliyoandikwa jina la mji au kusanyiko lazima ilinganishwe na hifadhidata ya vitu vilivyopotea ya taasisi ya Magdeburg kabla ya kununuliwa, na tamko la Terezín la 2009 linavitaja vyombo vya Kiyahudi waziwazi miongoni mwa vinavyopaswa kutafutiwa wenyewe. Piga picha za mbele, mgongo, kila mhuri na kila mstari wa maandishi, pamoja na rula. Ukikuta kibati kidogo chenye herufi JCR, chombo kilipitia shirika la Jewish Cultural Reconstruction lililogawa mali iliyookolewa baada ya vita. Kibati hicho kisitolewe, na fundi anayekarabati pete iliyo karibu nacho aambiwe akilinde na moto.